Dakika Hamsini Kutoka Simikot

Salligaun, ng'ambo ya Simikot
4 Pausha 2042, kwa kalenda yetu

Baba,

Shikamoo. Huku sote wazima, na tunaomba nawe huko uwe mzima.

Hayo ndiyo maneno Mama aliyosema nianze nayo, nami nimeyaandika. Yanayofuata ni yangu. Mama amekaa mbele yangu anaitazama kalamu ikitembea, na anadhani bado nakusalimia.

Juzi mkunga alimpapasa Mama tumbo. Alipapasa mara ya pili, akaomba maji ya kunawa. Mtoto amelala mkingamo, Baba. Kichwa kiko ubavuni. Jana tulimpeleka Mama Simikot kwa mhudumu wa afya, naye akasema hivyo hivyo. Akasema, "Huyu azalie hospitali ya Nepalganj, na afike huko kabla ya katikati ya mwezi ujao wa Magha. Uchungu ukimkuta hapa, mimi sina kisu wala dawa ya kumlaza. Nina vidonge vya kuumwa kichwa." Njiani Mama alicheka sana, akasema kichwa ndicho pekee kisichomuuma. Bibi hakucheka. Nadhani alimkumbuka shangazi Devisara, ambaye mtoto wake naye alilala hivyo, wakambeba kwenye tenga, na siku ya nne wakarudi bila yeye.

Nimepima kwa rula kwenye ramani ya shule. Kutoka uwanja wa Simikot hadi uwanja wa Nepalganj ni kama kilomita mia mbili kwa mstari ulionyooka. Kwa mguu hadi kwenye barabara ya magari ni siku kumi na mbili. Kwa ndege ni dakika hamsini. Hilo la ndege sikulikuta kwenye kitabu, ni letu mimi na wewe. Wewe huandika pembeni mwa bahasha saa ambayo ndege imeondoka huko, nami husimama kwenye ukingo huku kijijini, nikiona magurudumu yamegusa uwanja ng'ambo ya bonde, nakimbilia ofisi ya shule kuisoma saa. Shule imefungwa kwa baridi na Mwalimu Mkuu ameshuka tambarare mpaka mwezi wa Falguna, lakini aliniachia ufunguo wa ofisi ili niitie saa ufunguo kila asubuhi. Sijakosa hata siku moja.

Tafadhali mtafutie Mama nafasi. Nimeandika kwa utulivu kama tulivyofundishwa, lakini sijatulia.

Mwanao,
Nandakala


Nepalganj, uwanja wa ndege
9 Pausha

Nanda mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya magunia ya mchele, nikasimama, nikakaa tena. Wenzangu wakauliza kama nimeumwa na siafu.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo hivyo hivyo na vumbi la mchele kichwani. Akasema, "Harkajit, kila mtu wa wilaya yenu ya Humla ana mgonjwa." Nikamwambia, "Ndiyo mkubwa, lakini si kila mtu wa Humla anakupakilia ndege miaka sita bila kukuvunjia hata yai moja." Akacheka. Mtu akicheka mlango umefunguka nusu. Jina la mama yako liko kwenye orodha ya wagonjwa. Siku bado, nitakuandikia.

Huku tatizo ni ukungu. Asubuhi sioni miguu yangu mwenyewe. Ndege zinangoja mpaka saa nne, na huko kwenu upepo unaanza adhuhuri, kwa hiyo siku nzuri ndege inapanda mara moja tu. Siku mbaya haipandi kabisa.

Mwambie mama yako asiogope. Mimi naishi na hizi ndege. Ni kama nyumbu, ukimpakia sawasawa pande zote mbili anakwenda. Dakika hamsini ni muda wa kuchemsha viazi na kugombana na Bibi juu ya chumvi. Wewe endelea na daftari lako, uniandikie kila ndege imetua saa ngapi na imeondoka saa ngapi. Hapo nitajua hali ya huko kuliko karani yeyote.

Baba yako,
Harkajit


Salligaun
19 Pausha

Baba,

Shikamoo. Huku sote wazima.

Kuna jambo kuhusu ndege nami sijui nilielezeje. Tarehe 12 ilichukua dakika hamsini. Tarehe 14, hamsini na moja. Kisha kukawa na ukungu wako siku tatu. Jana bahasha yako ilisema imeondoka Nepalganj saa nne na dakika tano, nami nikaiona ikitua saa nne na dakika arobaini. Hiyo ni thelathini na tano. Leo tena thelathini na tano. Na ile ya jana, niliiona ikiondoka hapa saa tano kasoro dakika tano, na kwenye bahasha ya leo unasema ilifika kwako saa sita kamili. Hiyo ni saa nzima na dakika tano.

Kwa nini ipande haraka na kushuka polepole? Nimewaza injini, nimewaza upepo, nimewaza kuwa wamebadili njia kati ya milima. Nilimwambia Bibi, naye akasema rubani ameona kitu huko katikati, ndiyo maana anakimbilia kwetu na anaogopa kurudi. Tangu aseme hivyo sipendi kuisikia ndege ikija, na Mama ndiye atakayepanda.

Bibi alikwenda kwa mnajimu. Amesema mwisho wa mwezi huu siku njema ya kuanza safari ni moja tu, Jumatatu tarehe 22. Bibi akauliza, je, nafasi ikipatikana siku nyingine? Akajibu kama wanavyojibu siku zote, kwamba tuutoe mzigo. Basi Jumatatu nitachukua shali ya Mama, konzi ya mchele na kokwa ya popoo, nivifunge pamoja nivipeleke nyumba ya mzee Dilsur ng'ambo ya kijito. Hapo safari itakuwa imeshaanza, na siku yoyote atakayoondoka itahesabiwa kuwa aliondoka Jumatatu.

Mama akamwambia Bibi, "Kwa hiyo shali yangu inakwenda hospitali, mimi ndiye ninayebaki."

Bibi akasema, "Cheka tu. Safari ikishaanza hairudi nyumbani, ujue hilo. Usije ukasema umesahau sufuria."

Mama anasema niandike kuwa yeye ni mzima. Miguu yake imevimba, viatu haviingii.

Mwanao,
Nandakala


Nepalganj
21 Pausha

Nanda,

Nafasi imepatikana. Jumamosi tarehe 27. Nimeiandika juu kabisa ili Bibi akaitangaze kijiji kizima.

Sikiliza kwa makini. Ndege itatua Simikot saa tano kamili, itaruka saa tano na robo. Rubani hazimi injini zote mbili, anaogopa upepo. Fikeni uwanjani saa tano kasoro dakika tano. Msiwahi sana, pale hakuna paa wala ukuta, na mama yako katika hali hiyo asikae kwenye barafu saa nzima. Mdogo wangu Jasbir ambebe. Mwambie asijifanye shujaa kwenye daraja.

Sasa kuhusu hesabu zako. Nilimuuliza rubani mwenyewe. Akasema ni hamsini kupanda na hamsini kushuka, leo, jana na mwaka jana, na kama binti yangu anazo thelathini na tano basi aje amwendeshee yeye. Tulicheka sana. Mwanangu, nadhani unaisoma saa ukiwa bado unahema kwa kukimbia, mshale mrefu unaufanya mfupi. Si aibu. Lakini usiandike vitu vya kumtisha mama yako wiki hii. Angalia vizuri.

Ndege haiogopi mtu wala mzimu. Mwambie Bibi.

Baba yako,
Harkajit


Salligaun
24 Pausha

Baba,

Shikamoo. Sote wazima.

Nimeangalia vizuri. Tarehe 22 ni hamsini, na leo ni hamsini. Ulikuwa sahihi, nisamehe kwa kukusumbua.

Mzigo wa Mama tumeutoa Jumatatu. Jumamosi tutafika saa tano kasoro dakika tano, si mapema wala si baadaye.

Mwanao,
Nandakala


Simikot, nyumbani kwa Karnabir, mlinzi wa uwanja
27 Pausha

Baba,

Hatukupanda. Naandika hili kwanza ili usilitafute katika barua nzima. Mama yu hai, yuko hapa karibu yangu, amelala.

Tulitoka nyumbani saa tatu kasorobo. Nilikwenda mwenyewe kuisoma saa ya shule, nikaisoma nimesimama, bila kuhema. Baba mdogo Jasbir alimbeba Mama kwenye tenga, mkanda kwenye paji la uso wake, na Bibi akatangulia akisukuma theluji kwa koleo. Mama alikuwa akimtania. "Jasbir, unapumua kama ndama. Nikupe zamu?" Naye akajibu, "Nyamaza shemeji, kila ukicheka unaongezeka uzito." Tulikuwa tunakwenda vizuri, Baba. Tungefika dakika ile ile.

Tulikuwa bado chini darajani niliposikia ndege. Nikasema, "Imewahi." Baba mdogo akasema haiwezi kuwahi, kaka amesema saa tano. Ikapita juu yetu. Nikampita Bibi nikakimbia kupandisha peke yangu.

Karani wa uwanja alikuwa amevaa makoti mawili, ameshika orodha. Nikamwambia, "Pansara Rokaya, mgonjwa, jina lake limo."

"Lilikuwamo. Mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja. Anabebwa, yuko pale kwenye kona."

"Nimeita mara tatu. Nafasi nimempa bwana wa kodi, ameshakaa."

"Lakini saa tano haijafika."

Akakunja mikono ya makoti yote mawili akanionyesha saa yake. Ilikuwa saa tano na dakika sita.

"Saa ya shule yetu haisemi hivyo," nikamwambia.

"Saa ya shule yenu imeoza, binti. Tangu tarehe kumi na saba serikali imesogeza saa za nchi nzima mbele, robo saa. Redio imetangaza mpaka tumechoka. Kwenu hakuna redio?"

Redio iko moja, ya mzee Dilsur, na betri zake zilikufa tangu sikukuu ya Dasaini.

Nilimwomba aniitie rubani. Akasema, "Rubani anautazama upepo, hatutazami mimi na wewe." Nilikwenda mpaka kwenye waya wa uzio. Bwana wa kodi aliniona kupitia dirishani akageuza kofia upande mwingine. Baba mdogo alipotokea kwenye kona na tenga, ndege ilikuwa inakimbia kuelekea mwisho wa uwanja, ikaanguka ukingoni kama zinavyofanya, kisha ikainuka upande wa pili wa bonde. Mama aliitazama mpaka ikawa ndogo. Akasema, "Sikujua tumbo lake ni jeupe."

Baba mdogo alitaka turudi nyumbani tungojee huko penye joto. Bibi akakaa chini kwenye theluji. Akasema, "Safari ilitoka Jumatatu. Mimi sirudi na mtu aliyekwisha kuondoka." Akambishia mpaka Karnabir akatoka nyumbani kwake kusikiliza ugomvi, akasema basi tulale kwake. Nyumba yake iko mita mia moja kutoka waya.

Baba, saa ile ninaitia ufunguo mimi. Na kuna baya zaidi. Tarehe 22 nilipata thelathini na tano. Tarehe 24 nilipata thelathini na tano. Uliniambia niangalie vizuri, nikaangalia vizuri, nikaona thelathini na tano, nikafuta nikaandika hamsini. Hamsini ukitoa thelathini na tano ni kumi na tano. Sitini na tano ukitoa hamsini ni kumi na tano. Mtoto wa darasa la tatu angeona. Nilikuwa nayo kwenye daftari siku nane.

Sijui nampa nani barua hii. Itachukuliwa na ndege ijayo, na ndege ijayo ikija sitakuwa na haja ya barua. Naandika kwa sababu Mama anapumua kwa sauti, nami siwezi kumsikiliza tu.

Nandakala


Nepalganj
27 Pausha

Nanda,

Nilikuwa nimemweka mtu wa gari la farasi getini tangu saa tatu, nimetandika blanketi mbili na mto wa mkuu wa kituo. Mlango wa ndege ukafunguliwa akatoka bwana mwenye kofia. Nikamwambia apishe. Nikaingiza kichwa ndani nikahesabu viti, nikahesabu tena.

Mlikuwa wapi? Nilimlilia mkuu wa kituo wiki mbili nikiwa mtu mzima na ndevu zangu. Niliwaambia saa, niliwaandikia dakika. Ni kitu gani kilichokuwa kigumu? Ni Jasbir? Ni Bibi na mnajimu wake?

Niliacha kalamu hapo nikaenda kupakua. Sasa ni jioni.

Nasruddin, yule ninayeshika naye magunia, aliniuliza, "Huko kwenu walisogeza saa?"

Nikamwambia, "Bila shaka."

"Nani aliwaambia?"

Nikakaa chini, Nanda. Sisi hapa tulisogeza zetu wote pamoja, siku ile ile, tukicheka kwamba serikali imetunyang'anya robo saa ya usingizi. Nilikuandikia barua baada ya hapo na sikukuambia. Nilidhani lililosemwa redioni limesemwa kila mahali. Nikaitoa barua yako ya tarehe 19. Thelathini na tano kupanda, sitini na tano kushuka. Uliniambia. Mtu wa kwanza kujua katika Humla yote ulikuwa wewe, nami nikaenda kukucheka na rubani.

Na sasa jambo lingine, maana leo siwezi kuficha kitu. Nimepakia ndege miaka sita na sijapanda hata moja. Kila mwaka nakuja nyumbani kwa mguu, siku kumi na mbili, nawaambia nauli ni ghali. Wafanyakazi wa kituo tunapewa safari moja bure kila mwaka. Niliwahi kuiona ndege moja ikirudi na tawi la msonobari limekwama kwenye gurudumu. Ndani watu walikuwa wanakula machungwa, hawakujua. Mimi nililivuta lile tawi kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo nawaambia wenzangu napenda mazoezi ya kutembea.

Ya kwanza itakayoruka nitakuwa ndani. Barua hii nitakupa mwenyewe.

Baba yako,
Harkajit


Salligaun
12 Magha 2042

Baba,

Shikamoo. Leo ni siku ya nane tangu mpande ndege na Mama.

Barua yako ulinipa mkononi, nami nikakupa yangu, na hatukuwa na nafasi ya kusoma. Nimeisoma yako mara nyingi tangu hapo. Sikukuambia ulivyokuwa uliposhuka kwenye ndege. Ulikuwa rangi ya manjano. Ulitembea kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilidhani unaumwa. Sasa najua, na kila nikikumbuka kwamba ulishuka, ukamwona Mama, ukageuka ukapanda tena papo hapo, najikuta nimesimama.

Hukuona siku zile sita kabla hujaja, basi nikuandikie. Yule karani alikuwa akija kila asubuhi mlangoni kwa Karnabir. Nadhani alikuwa na aibu. Alikuwa anasema, "Mama Pansara, ni saa nne na nusu. Saa mpya." Mama anamjibu, "Asante. Na ukungu wa huko una saa?" Naye anasema atauliza. Siku ya tano Mama aligeukia ukutani. Usiku ule uchungu ulianza, polepole, na Mama akaniambia nisimwambie Bibi, na Bibi akaniambia nisimwambie Mama kwamba amejua. Asubuhi karani aliliita jina lake kabla ndege haijaonekana. Aliliita kutoka uwanjani kwa sauti kubwa, Pansara Rokaya, Pansara Rokaya, na hapakuwa na abiria mwingine hata mmoja wa kuitwa.

Baada ya ndege kuruka, nilikaa ofisini kwa karani nikaitazama saa yake. Dakika ya hamsini na mbili simu ya upepo ikasema mmetua. Nikamwomba aulize habari za Mama. Akasema simu ya upepo ni ya ndege, si ya wazazi. Kisha akauliza. Wakamjibu kwamba gari la farasi limetoka getini mbio na hawajui zaidi.

Mpaka leo ndilo jambo la mwisho ninalolijua. Gari la farasi limetoka getini mbio.

Theluji ilianza siku ile ile jioni. Uwanja umefunikwa mpaka magotini. Watu wanakwenda kuukanyaga kila asubuhi, safu mbili, mbele na nyuma, nami nakwenda nao. Wanakanyaga huku wakiimba na kutaniana, lakini nikikaribia wanapunguza sauti. Hilo linaniogopesha kuliko chochote. Najiuliza kama wanajua kitu.

Bibi hazungumzi juu ya Mama. Alikuwa ameweka chungu cha samli na mbegu za ajwani za supu ya mzazi. Juzi nilikiona kile chungu nyuma ya mlango, chini ya magunia. Nikamwuliza kwa nini amekificha. Akasema, "Kikinitazama siwezi kula."

Saa ya shule nimeisogeza. Nilipanda juu ya dawati nikausukuma mshale kwa kidole, robo nzima. Kisha nikaitia ufunguo.

Karani anasema kesho uwanja unaweza kuwa tayari. Ndege ikija, barua hii itashuka nayo. Baba, usiniandikie kwamba sote wazima. Niandikie mlivyo. Kama yupo mmoja, andika mmoja. Kama ni wawili, andika wawili. Nitakuwa kwenye waya.

Mwanao,
Nandakala


Nepalganj, hospitalini
12 Magha

Nanda,

Ni mimi. Kalamu ameishika baba yako, lakini maneno ni yangu, na nimemwambia akiongeza la kwake nitajua kwa urefu.

Niko hai. Mtoto yuko hai. Ni msichana.

Humo ndani ya ndege nilishikwa vibaya. Baba yako alinishika mkono, lakini alinibana kuliko nilivyombana mimi, mpaka nikamwambia aachie, nina maumivu yangu tayari. Aliuliza saa mara nne. Rubani aligeuka akamwambia, "Mzee, ukiuliza tena nitakupa uendeshe." Sikuona mlima hata mmoja, nilikuwa nimefumba macho. Niliona viatu vya baba yako tu. Havina kamba, nimuulize kwa nini.

Walinipasua saa nane mchana. Wanasema alitoka rangi ya bluu na hakulia. Mimi nilikuwa nimelazwa, sikujua kitu. Baba yako alikuwa mlangoni, na anasema alisimama pale akisikiliza kimya, kisha kikaja kitu kama paka. Hapo ndipo alipokaa sakafuni, wakamrukaruka kwa kupita.

Halafu mimi nikapata homa, siku saba. Ndiyo maana hamkupata neno. Theluji ni kweli, lakini hata bila theluji asingeandika. Alianza barua tatu akazichana, maana hakujua aandike mmoja au wawili. Jana homa ilishuka. Leo nimekula wali na dengu, wali mbaya, wa huku tambarare, unateleza.

Daktari amesema huyu ndiye wa mwisho. Nililia kwa hilo asubuhi yote. Sasa nimenyamaza. Mwambie Bibi taratibu, usimwambie mbele ya watu.

Baba yako amenisomea barua yako ya tarehe 27. Ameisoma vibaya, anakwamakwama, lakini nimesikia. Kuhusu kufuta, sitakwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Lakini sikiliza. Wiki ile uliyofuta, mimi nilikaa siku tatu simsikii mtoto akicheza, nami nikakuambia uandike kuwa sote wazima. Wewe ulificha robo saa. Mimi nilificha mtoto mzima. Na huyu hapa alificha miaka sita kwamba anaogopa ndege. Tumefichana vya kutosha. Ukiona thelathini na tano, sema thelathini na tano, tukucheke, useme tena.

Tutarudi daktari akiniruhusu. Baba yako anasema tutarudi kwa ndege. Ameyasema hayo akiangalia dirishani.

Wali nilioacha unapoa, mkono wa baba yako umechoka, na huyu ameamka. Ana njaa. Analia sasa hivi, Nanda, kwa sauti inayoweza kufika Simikot bila ndege.

Mama yako,
Pansara
(alama ya kidole chake cha gumba)